Moyo wa Ng'ombe wa Kidato cha Pili

Wanafunzi waliopitia mikononi mwa Mwalimu Njura walimwita Mwalimu Moyo, naye alijua wala hakukasirika. Alikuwa mtu wa Runyenjes, upande wa Embu, mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi nje ya darasa. Mwaka wa 1983 alipewa barua ya kwenda kufundisha Bayolojia Timau, katika shule ya upili ya kutwa iliyokuwa mwisho wa mashamba ya ngano, karibu na msitu. Mwaka wa kwanza baridi ya huko ilimtesa mpaka akaandika mara mbili kuomba uhamisho. Mwaka wa pili alinunua koti zito. Mwaka wa tatu alijenga nyumba ya mbao chini ya kilima cha shule, akamleta mkewe Nelius na binti yao Cicily, na habari za uhamisho zikaisha.

Jina la Mwalimu Moyo lilitokana na somo moja. Kila muhula wa pili, Kidato cha Pili kilipofika kwenye mzunguko wa damu, Njura alishuka Meru mjini, akaenda kwa muuza nyama mmoja wa Majengo, akarudi na moyo mzima wa ng'ombe umefungwa kwa gazeti. Shule nyingine zilifundisha moyo kwa picha ya kitabuni. Yeye aliuweka mezani akaupasua mbele ya watoto wa vibarua wa ngano, na waliokaa nyuma walipanda juu ya madawati ili waone.

"Moyo ni nyama," alikuwa akianza hivyo kila mwaka. "Ni msuli, kama huu wa mkono wako. Tofauti ni kwamba wa mkono unachoka."

Kisha aliwaonyesha. Damu iliyokwisha kutumika inarudi kutoka mwilini na kuingia chumba cha juu cha kulia. Inashuka chumba cha chini, inasukumwa mapafuni ikachukue hewa safi, inarudi upande wa kushoto, chumba cha juu tena, inashuka tena, halafu inasukumwa kwa nguvu kwenye mshipa mkuu mpaka ifike kwenye vidole vya miguu. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna mlango. Mlango huo unafunguka upande mmoja tu, na hiyo ndiyo kazi yake yote, kuhakikisha kwamba damu iliyopita haigeuki. Mara sabini na mbili kwa dakika. Mara laki moja na zaidi kwa siku, uwe umelala, uwe unachimba viazi. Njura aliweza kuuchora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya buluu huku akiwaangalia wanafunzi, bila kugeuka.

Cicily alikuwa mtoto wao wa pekee. Nelius alikuwa na mashine ya kufuma sweta sebuleni, karibu na dirisha, na sweta za shule tatu za eneo hilo zilitoka kwenye mashine ile. Cicily alikua akisikia mlio wake, huku akikunja sweta na kuzipanga kwa ukubwa. Mwaka wa 1991 alienda na baba yake Majengo kuchukua moyo wa ng'ombe, akambebea kikapu. Muuza nyama alimuuliza kama haogopi. Akajibu kwamba ng'ombe ameshakufa, ataogopa nini?

Kabla ya hapo, alipokuwa na miaka tisa, Cicily aliumwa koo. Nelius alimpa maji ya chumvi ya kusukutua na ndimu yenye asali, na baada ya siku nne akapona akarudi shule. Wiki tatu hivi zikapita. Ndipo goti moja likavimba, likawa jekundu na la moto, halafu likapona na la pili likavimba, kisha kiwiko. Njura alisema ni baridi ya Timau inaingia kwenye mifupa. Alimwambia mtoto acheze na kukimbia ili damu itembee. Maumivu yakaisha yenyewe na hakuna aliyeyakumbuka tena.

Alipofika Darasa la Sita, Cicily alianza kubaki nyuma. Shule ya msingi na ile ya upili zilikuwa juu ya kilima kimoja, kwa hivyo baba na mtoto walipanda pamoja asubuhi. Njura alitangulia na mkoba wake. Cicily alikuwa akisimama katikati ya mteremko, akiinama na kuvuta soksi. Alikwenda hatua ishirini, akasimama, akavuta soksi tena. Njura alimngoja siku za kwanza. Baadaye alimwita bila kugeuka. Mwezi wa pili mwaka wa 1992, baada ya Cicily kuchelewa gwaride la asubuhi mara ya tatu, baba yake alimngoja juu ya kilima, na mtoto alipofika akihema, alimwambia kwa Kiembu kwamba yeye ni mvivu, na kwamba katika ukoo wao hakujawahi kuwa na mvivu.

"Nitajitahidi, Baba," Cicily alisema.

Na kweli alijitahidi. Kwa wiki mbili alipanda bila kusimama.

Nelius ndiye aliyeona mambo mengine. Aliona kwamba mtoto anajiwekea mito mitatu na kulala kama aliyeketi. Aliona kikohozi kisichokuwa cha mafua. Siku viatu vya shule vilipokataa kuingia kwa sababu miguu imevimba, hakumwuliza mumewe. Alifunga mashine, akamfunika Cicily blanketi, akampeleka hospitali Meru.

Njura aliitwa kesho yake. Daktari alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha. Alisema ameusikiliza moyo wa mtoto kwa muda mrefu na kwamba una sauti ambayo haifai kuwapo. Akavuta karatasi, akachora moyo ili awaeleze wazazi. Aliuchora vibaya, kwa haraka, mshipa mkuu ukitokea mahali pasipofaa. Njura aliitazama picha ile. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka kwa daktari, akaufuta mshipa mkuu kwa mstari mmoja na kuuchora unapotokea.

"Wewe ni daktari?" kijana aliuliza.

"Ni mwalimu."

"Basi utanielewa upesi." Daktari aliweka kidole kwenye mlango wa upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Akaeleza kwamba ugonjwa ule ulianzia kooni. Mwili ulipigana na vijidudu vya koo, na ukiwa katika vita hivyo ukashambulia vitu vyake wenyewe, kwanza viungo, halafu mlango huu. Mlango ulipona kwa kovu. Kovu limekaza, na sasa haufunguki wote. Damu inayotoka mapafuni inangoja mlangoni. Ikingoja sana inarudi nyuma, mapafu yanajaa maji, na ndiyo maana mtoto hawezi kulala chali.

"Anapopanda mlima," daktari aliuliza, "huwa anasimama?"

Nelius alimtazama mumewe, kisha akamtazama daktari.

"Husimama," Nelius alisema.

Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka ni lini hasa ganzi ilianza, Njura aliirudisha kwenye chumba kile. Haikuja kama uchungu. Alisikia kila neno lililosemwa kuhusu dawa ya kupunguza maji, kuhusu upasuaji Nairobi na foleni iliyokuwa imefika mwezi wa tisa, na kuhusu sindano ambayo mtoto angechomwa kila baada ya siku ishirini na nane ili koo lisimrudie. Aliandika yote kwa mwandiko wake mzuri. Alipotoka nje aligundua kwamba bado ameishika kalamu ya daktari, akarudi kumpa.

Cicily alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Likizo ya mwezi wa nne Njura aliimaliza kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda chake, wakipokezana na Nelius. Alimsomea gazeti. Alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa na kuhesabu. Mia moja na kumi. Mia moja na kumi na sita. Siku moja mchana, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, Cicily alimwomba amweleze yale anayowaeleza wanafunzi wake.

Njura alimwambia akunje ngumi. Moyo wako ni mkubwa kiasi hicho, akamwambia. Akamweleza vyumba vinne, upande wa kulia na wa kushoto, kwenda mapafuni na kurudi. Alimweleza mlango, kovu, na damu inayongoja. Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani. Cicily alisikiliza huku akikunja ngumi na kuifungua, polepole, macho yake yakiwa juu ya dari.

"Mlango ukiwa mdogo, damu inahitaji muda mrefu kupita," alisema.

"Ndiyo."

"Na moyo ukienda mbio, muda hakuna."

"Hakuna."

Cicily alifikiri. "Kwa hivyo nikisimama kwenye mlima, moyo unapunguza mbio, na damu inapata nafasi ya kupita."

"Ndiyo."

"Basi nilikuwa nafanya vizuri kusimama."

Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kulifikia jambo hilo mwenyewe. Halikuwa kwenye silabasi.

"Ulikuwa unafanya vizuri," Njura alisema.

Cicily aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu, akageukia ukuta, akalala. Hakuwa amemlaumu mtu. Alitaka tu kujua.

Alifariki tarehe ishirini Mei, saa nne asubuhi, wahudumu wakiwa wanapiga deki. Njura alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake na anahesabu, kwa mazoea tu, maana mtoto alikuwa amelala kwa utulivu. Alifika arobaini na moja, na hakukuwa na arobaini na mbili. Aliendelea kutazama saa mpaka mshale ukamaliza mzunguko. Muuguzi alipokuja na kuanza kuwaita wenzake, Njura alimwambia kwamba ni saa nne na dakika kumi na saba. Muuguzi akaandika.

Walimzika Runyenjes, katika shamba la babake Njura, chini ya mistari ya kahawa. Mvua ilinyesha, na gari la jeneza lilisukumwa na vijana kutoka barabarani mpaka langoni. Nelius alilia mpaka sauti ikakatika. Kina mama wa kanisa walimshika huku na huku. Njura alisimama wima, akawashukuru waliofika kwa kuwataja mmoja mmoja bila kumsahau hata mmoja, na watu wakasema ni mwanamume kweli. Ndugu yake Mwaniki, aliyekuwa karibu naye, aliona kwamba hakukunja uso hata mchanga wa kwanza ulipoanguka, na jioni akamwuliza kama yuko sawa. Njura akamjibu kwamba yuko sawa. Hakuwa anadanganya. Alijitafuta ndani, akajikuta kama mguu uliokaliwa muda mrefu, upo lakini hauusikii.

Jumatatu iliyofuata alikuwa darasani Timau. Nelius alibaki Runyenjes wiki mbili, kisha naye akarudi, akafungua mashine, akaendelea na sweta mahali alipokuwa ameachia. Waliishi kwa utaratibu. Chai, kazini, chakula cha jioni, taarifa ya habari. Siku moja Njura alishika sufuria ya uji jikoni kwa mikono mitupu, akaibeba mpaka mezani, na ni Nelius aliyeona vidole vyake vimebabuka. Alivipaka mafuta. Kila jioni Njura alingoja aambiwe habari ya kile kilima. Alikuwa tayari. Aliona kwamba akiambiwa, huenda kitu fulani kitajitikisa. Lakini Nelius hakuitaja. Aliongea juu ya nyuzi, juu ya bei ya viazi, juu ya paa linalovuja.

Mwisho wa mwezi wa sita Kidato cha Pili kilifika kwenye mzunguko wa damu. Mwalimu mkuu, Bwana Kaberia, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa upole kwamba sura hiyo mwalimu wa Kemia anaweza kuifundisha mwaka huu, na hakuna atakayeuliza. Njura alimshukuru, akakataa. Walimu wenzake walisema ana moyo wa chuma. Ukweli ni kwamba hakuona tofauti. Kwake ilikuwa sura ya tatu, baada ya ya pili.

Alishuka Majengo kama kila mwaka. Muuza nyama, mzee wa kofia nyeupe ambaye duka lake lilikuwa nyuma ya msikiti, alimtambua kwa mbali na kuanza kuufungua moyo kutoka kwenye ndoano. Njura alimkumbusha asiupasue, auache na mirija yake.

"Najua, Mwalimu. Na yule mtoto wako asiyeogopa yuko wapi mwaka huu?"

"Alifariki mwezi uliopita."

Mzee aliweka kisu chini. Alisema maneno ya dini yake kwa sauti ya chini. Hakuuliza ni nini kilimuua, na Njura hakusema. Kisha mzee aliuchukua moyo ule mpaka kwenye mfereji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauosha mwenyewe, nje na ndani ya mirija, taratibu, mpaka maji yakatoka meupe. Wateja wawili walikuwa wanangoja. Waliendelea kungoja.

Siku ya somo darasa lilikuwa kimya kuliko kawaida, kwa kuwa Timau yote ilijua. Hakuna aliyepanda juu ya dawati. Njura aliuweka moyo mezani, akasema kwamba moyo ni nyama, akaendelea. Alipasua upande wa kulia, akauonyesha. Alipasua upande wa kushoto. Aliwaonyesha ule mlango, ngozi mbili nyembamba, nyeupe, na nyuzi kama za kushonea zinazoushikilia kutoka chini usipinduke. Aliingiza vidole vyake mlangoni kuonyesha upana. Vilipita vyote kwa urahisi. Alivitazama kidogo vidole hivyo, vyenye makovu ya sufuria, kisha akavitoa na kuvifuta kwa kitambaa.

Msichana mmoja wa mstari wa pili, Ntinyari, aliinua mkono. Alikuwa binti wa Riungu, dereva wa trekta katika shamba moja la ngano, mtoto mkimya ambaye hakuwa na kawaida ya kuuliza.

"Mwalimu, na kama huo mlango haufunguki vizuri?"

Waliokuwa karibu naye waliinamisha vichwa. Mmoja alimkanyaga mguu chini ya dawati. Njura aliuweka wembe chini. Alifikiri tu kwamba ni swali zuri na kwamba ana dakika kumi na mbili kabla ya kengele. Akaugeukia ubao, akaandika maneno matatu, moja chini ya lingine: koo, viungo, moyo. Akaeleza kuanzia juu. Koo linauma na kupona. Wiki mbili au tatu zinapita. Goti linavimba, halafu lingine, halafu yanaacha. Kila mtu anasahau, lakini mlango unakaza. Mtu mwenye mlango wa hivyo hachoki kwa sababu ya tabia yake. Anachoka kwa sababu damu haipiti. Koo likitibiwa mapema kwa dawa ya kuua vijidudu, yote hayo hayatokei.

Miaka tisa alikuwa amefundisha moyo shuleni hapo bila kufundisha hilo. Hata yeye alikuwa halijui mpaka mwaka ule.

Kengele ililia. Wengine walipotoka, Ntinyari alibaki akizungushazungusha kifuniko cha kalamu.

"Mimi husimama," alisema. "Pale kwenye miti, katikati ya kilima."

"Goti liliwahi kuvimba?"

"Mwaka jana. Yote mawili, na hapa kwenye mkono."

Njura alinyoosha mkono akamshika kifundo, akatazama saa yake. Mara tisini na nane, mtoto akiwa amesimama tu. Akamwambia aende nyumbani awaambie wazazi kwamba Mwalimu atakuja jioni.

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa mstari mmoja mrefu nyuma ya maghala. Mama yake Ntinyari, aliyeitwa Kathure, alimpokea kwa wasiwasi, akidhani mtoto amefanya kosa. Alisema anajua bintiye ni mzito wa kazi, kwamba akitumwa maji anarudi amechelewa, na kwamba ameshamchapa kwa hilo. Riungu aliongeza kuwa amemwonya pia.

"Si uvivu," Njura alisema. "Mpelekeni Meru kesho. Nitaenda nanyi."

Daktari alikuwa yuleyule. Alimkumbuka Njura. Alimsikiliza Ntinyari kifuani na mgongoni, amelala, ameketi, ameegemea upande wa kushoto. Mlango ulikuwa umeguswa, alisema, lakini kidogo. Kovu lilikuwa bado jembamba. Upasuaji haukuhitajika. Sindano kila siku ishirini na nane, bila kukosa, kwa miaka mingi, ili koo lisirudi na kuuharibu zaidi. Kathure alianza kulia ukumbini na kumshika Njura mkono kwa mikono yake miwili. Njura aliusubiri mkono wake urudi. Alikuwa amefikiri kwamba labda hapo angesikia kitu, furaha au hata wivu. Hakusikia chochote. Aliona mama analia na sakafu iliyopigwa deki.

Jioni hiyo alimweleza Nelius yote kwa mpangilio, tangu swali la darasani mpaka kadi ya sindano. Nelius alikuwa kwenye mashine. Alifuma mpaka mwisho wa mstari, akasimamisha mkono.

"Wa mtu mwingine umemwona," alisema.

Ndilo neno alilokuwa analingoja. Lilikuja bila kelele, na Nelius hakumgeukia.

"Ndiyo," Njura alijibu.

"Huyo umemshika mkono ukahesabu."

"Ndiyo."

"Na Cicily alikuwa nyuma yako kila siku, Baba Cicily. Hatua ishirini nyuma yako."

Njura alisema ndiyo mara ya tatu. Hakujitetea, kwa kuwa hakukuwa na utetezi. Hakuomba msamaha, kwa kuwa aliona ni kumwomba Nelius ambebee mzigo wake. Kisha Nelius akasema kwamba naye alikuwa ameona mito mitatu kwa mwezi mzima kabla ya kufanya lolote. Toka siku hiyo Nelius alianza kulala upande wake wa kawaida wa kitanda, badala ya kujibanza ukutani kama alivyofanya tangu mazishi.

Kathure alikuwa akienda kazini alfajiri na Riungu vilevile, kwa hivyo Njura alikubali kumpeleka Ntinyari zahanati. Kila siku ishirini na nane, saa ya mapumziko, mwalimu na mwanafunzi waliteremka kilima. Sindano ile ilikuwa nzito na yenye maumivu, na msichana alirudi akichechemea. Walipopanda, Njura alitembea nyuma yake. Akisimama, naye alisimama. Mara nyingine alimwuliza maswali ya mtihani.

Somo la koo, viungo na moyo alilifundisha kila mwaka baada ya hapo, kwa kila kidato, si cha pili tu, na watoto wa shule ya msingi aliwafuata kwenye gwaride lao. Waliopatikana walikuwa wanne katika miaka mitatu. Mmoja wao, mvulana wa Darasa la Tano, alipatikana akiwa amechelewa, na Njura alienda kwenye mazishi yake akasimama nyuma ya watu. Watatu waliendelea na sindano. Mwalimu mkuu alitaka kumtaja siku ya wazazi na kumpa zawadi. Njura aliomba wasifanye hivyo.

Mwishoni mwa mwaka wa 1994 barua ya uhamisho ilikuja bila kuombwa. Alikuwa anarudishwa Embu, shule moja karibu na nyumbani. Ntinyari alikuwa amemaliza Kidato cha Nne wiki chache kabla, akiwa mrefu kuliko mama yake. Siku ya kuondoka, lori likiwa limepakiwa vitanda na mashine ya kufuma, Riungu alikuja na gunia la viazi na mikono yenye grisi. Alikuwa ametunga maneno ya shukrani njiani na aliyasema yote, kwa Kiswahili cha heshima, kofia ikiwa mkononi. Njura alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kadi ya sindano mfukoni akampa.

"Siku ishirini na nane," alisema. "Si mwezi. Mwezi mwingine una thelathini na moja."

Riungu alisema amesikia. Aliiweka kadi hiyo kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Lori liliposhuka kuelekea Meru, Nelius, aliyekuwa ameketi katikati, kati ya mumewe na dereva, aliuliza kama yule msichana anaendelea vizuri. Katika miaka miwili na nusu hakuwahi kumwulizia. Njura alisema anaendelea vizuri, anataka kusomea uuguzi, ila ana wasiwasi na Hisabati ya chuoni.

"Hisabati ni kitu cha kusoma tu," Nelius alisema, na akainama mbele ya mumewe akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi.

Walifika Runyenjes kabla ya jua kutua. Mwaniki alikuwa ameshafagia nyumba. Kesho yake asubuhi Njura alichukua panga, akaenda kwenye kahawa, akafyeka majani kuzunguka kaburi mpaka likaonekana kutoka barabarani. Kazi hiyo ilimchukua saa mbili. Nelius alimletea uji shambani, wakanywa wakiwa wamesimama. Jirani aliyepita aliwasalimu na kuuliza kama wamerudi kabisa, nao wakamjibu kwamba ndiyo, wamerudi.